Mguu wa Kuku Ukweni Kigwa

Sipendi kuusimulia mkasa huu, ila kwa kuwa mmeshausikia kwa watu (tena umetiwa chumvi), afadhali muusikie kwangu niliyejitafutia.

Enzi za Mwingereza nilikuwa nasomea udresa Tabora mjini, kufunga vidonda na kugawa dawa, na siku moja nikapanda treni na baba mdogo hadi Kigwa kumposa Maria, niliyempenda mpaka nikakonda. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, Mmoraviani asiyejua utani. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu, kwa adabu tu, akaniuliza, "Mwanangu, huko mjini wanakufundisha nini?"

Ilitosha kusema, "Kutibu watu, baba." Mimi nikaanza na tishu unganishi (ndilo somo la wiki ile), zile zinazoushika mwili pamoja: mifupa ya kuusimamisha, gegedu ya kuzuia mifupa isisagane, mafuta ya kutunza joto, kano za kufunga msuli kwenye mfupa, na hata damu, maana inabeba chakula na kukifikisha kila pembe.

"Damu? Hayo si maji tu!" alisema mzee, na watu wakacheka. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Laiti ningenyamaza hapo! Nikasema kama damu hamniamini, basi kano nitawaonyesha, nikatoka mbio uani walikokuwa wakitunyonyolea kuku, nikarudi na mguu mbichi unaochuruzika, nikaishika ile kano nyeupe mbele ya wote, nikaivuta. Vidole vikajikunja. Nikaachia, vikakunjuka.

Hakuna aliyecheka. Shangazi yake Maria akapiga magoti. "Mfumu," akaniita (mfumu kwetu Unyamwezini ni mpiga ramli, na ramli yake huisoma kwenye kuku), "kuku anasemaje? Ndoa ina heri?"

"Hasemi kitu, shangazi. Hii ni kano."

Akawageukia wenzake. "Kuku amekataa."

Mzee akasimama. "Ramli niliiacha siku niliyobatizwa. Wewe unairudisha sebuleni kwangu?"

Tulisubiri treni stesheni kwa njaa, na mimi nikalia bila kuficha. Maria aliolewa Urambo na mkulima wa tumbaku, mtu mkimya sana, nasikia. Nami tangu siku ile hadi nilipomaliza masomo, mzee yeyote aliponiuliza nasoma nini, nilimjibu kwamba nasoma vizuri, namshukuru Mungu.