Fundi Verna na milingoti inayosubiri kuangushwa

Ni Jumamosi, saa moja asubuhi, na nyasi za uwanja wa Chuo Kikuu cha Ashlock zimeshika barafu nyembamba, kama vile mtu amezinyunyizia unga. Verna Hutchcraft amepiga magoti chini ya goli, spana mkononi, pumzi zikimtoka kama mvuke wa birika.

Anazungusha nati. Haikazi, anailegeza. Anailegeza kidogo tu, kisha anaigonga kwa kidole na kutega sikio, kama mama anayesikiliza mkate kama umeiva.

"Siku nyingine zote nakaza mpaka bega linauma," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini siku ya mechi na Hargis, hapana. Baba alinifundisha hivyo. Watoto wakija kuuvuta mlingoti, ushuke taratibu kama mzee anayekaa kitini. Ukikaza sana utakatika ghafla, umwangukie mtoto wa watu."

Kitendawili! Nakisimamisha kwa jasho langu, na siku kikiangushwa napiga vigelegele. Hapa Ashlock, kwenye vilima vya kusini mwa Ohio, hata mtoto wa chekechea atakujibu: milingoti ya Fundi Verna.

Verna ana miaka hamsini na tisa. Ni fundi wa kuchomelea vyuma wa chuo, na siku zake nyingi hupita kwenye mabomba ya joto yanayokwenda chini ya madarasa, kwenye mageti na ngazi zenye kutu. Kazi aliirithi kwa baba yake, Dewey, aliyemwachia pia pima maji ya mbao ya kupimia unyoofu na tabia ya kuongea na chuma. Chuo humlipa dola ishirini na nne kwa saa. Goti la kushoto limemtangulia kustaafu.

Mpira wa hapa ni ule wa umbo la yai, unaobebwa kifuani na vijana wa kofia ngumu wanaogongana kama kondoo dume. Timu ya chuo inaitwa Nyumbu, jina la yule mtoto wa punda na farasi. Wapinzani wao wa damu ni Hargis, chuo cha ng'ambo ya mto.

Nyumbu wakiwashinda Hargis, wanafunzi huingia uwanjani, huangusha milingoti na kuibeba mabegani mpaka darajani, ili watu wa ng'ambo waione vizuri. Kesho yake Verna huikata milingoti vipande vyembamba, duara duara, na kila nyumba hupata kimoja. Watu huviita pete. Kuna anayeshikizia pazia, kuna anayekunjia leso za mezani. Orville Tackett, postamasta mstaafu, yake iko dirishani jikoni, marehemu mkewe alikuwa akisimamishia mshumaa.

Tabu ni kwamba pete hazijakatwa kwa miaka kumi na minne.

Na mwaka huu tabu imezaa nyingine. Baraza la chuo linataka kuifuta timu. Taa za uwanja zimekufa na hakuna wa kuzitengeneza, viti vinabaki vitupu, na uamuzi utatolewa Januari. Mji mzima unaamini kitu kimoja tu kinaweza kuliyumbisha baraza: Hargis wafungwe leo.

"Nisingekosa kazi," Verna anasema, akijipangusa magoti. "Mabomba ya joto yapo tu. Lakini haya magoli aliyachimbia baba. Wakiyang'oa watu wa baraza na winchi, siku ya kazi, hakuna anayeimba… hicho sitaki kukiona."

Kufikia saa nne, eneo la kuegesha magari limejaa moshi wa soseji. Orville amefungua mlango wa nyuma wa gari lake, sufuria ya maharage ya pilipili inatokota, mkate wa mahindi umefunikwa kitambaa. Ubishi nao umeshaiva.

"Shemeji, kula kwanza," Orville anamwambia Geneva Sprague, dada wa marehemu mkewe. "Ukinitukana na njaa unakosea maneno."

Geneva anafundisha wauguzi hapo chuoni. Anapokea sahani lakini halegezi. "Mimi nasema ifutwe. Wanafunzi wangu wanajifunza kudunga sindano huku ndoo iko katikati ya chumba inakinga maji ya paa. Ninyi mnanunua kofia mpya."

"Kofia zinalinda vichwa, shemeji."

"Vichwa gani? Mngekuwa navyo mngekuwa mnaendelea kufungwa? Halafu mmechagua mnyama gani? Nyumbu! Nyumbu hazai, Orville. Mlitegemea kombe litoke wapi?"

Watu wanacheka mpaka mmoja anamwaga kahawa. Orville anamnyooshea uma. "Msikilizeni huyu. Anataka timu ifutwe, na tiketi ya msimu mzima anayo mfukoni!"

"Nimenunua ili nione ninachokipinga."

Marisol Quintero, mwanafunzi wa misitu anayepuliza tarumbeta kwenye bendi ya chuo, anaingilia huku mdomo umejaa mkate. "Mimi sikuja hapa kwa ajili ya mpira, bibi. Nilikuja kusomea miti. Wiki ya kwanza sikuwa na mtu wa kula naye. Jumamosi nikaja uwanjani, tukapata pointi tatu, bibi mmoja nisiyemjua akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Siku hiyo ndiyo nilianza kusema 'chuo chetu'."

Geneva anakuna shingo. "Alikuwa na koti jekundu?"

"Ndiyo."

"Basi ni mimi huyo," anasema, na kicheko kinaanza upya. "Lakini paa bado linavuja."

Verna anakula amesimama, anasikiliza. Orville anamwongezea soseji bila kuulizwa, kama anavyofanya kila Jumamosi tangu mkewe alipofariki na Verna alipokwenda kumtengenezea jiko. "Fundi, nati tayari?"

"Tayari."

"Umelegeza vizuri?"

"Orville, kageuze nyama yako."

Mchezo wenyewe unakwenda kwa kuumana. Saa kumi na robo jioni, saa ya uwanja inasoma sifuri, na ubao unasema Ashlock kumi na sita, Hargis kumi na nne. Mayowe yanayotoka yanasikika ng'ambo ya mto. Wanafunzi wanaruka uzio kama maji yaliyopasua ukingo, wengine upande wa mto, wengine upande wa kilima.

Hakuna aliyetazama chini. Kwenye nyasi, katikati ya miguu inayokimbia, kuna kitambaa cha njano. Mwamuzi amekirusha, kwa maana mchezaji wa Ashlock amefanya kosa sekunde ya mwisho kabisa, na kwa sheria za mpira huu mchezo hauwezi kuishia kwenye kosa la anayelinda. Hargis wanadai nafasi moja zaidi ya kucheza.

Kipaza sauti kinaita, kinaomba, kinakaribia kulia. Mpaka watu waje kuelewa, goli la upande wa mto limeshafika getini, juu ya mabega, likiimbiwa. La upande wa kilima limetoka nati za upande mmoja na kuinama kama mlevi aliyeegemea ukuta.

Yote mawili yameshuka taratibu. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Verna alifanya kazi yake vizuri mno.

Waamuzi na makocha wawili wanakaa kichwa kwa kichwa. Hargis wanataka kupiga mkwaju. Mpira ukipita juu ya mwamba wa goli, kati ya milingoti, ni pointi tatu na ushindi ni wao. Lakini hakuna goli, na uwanja hauna taa. Wanakubaliana hivi: fundi wa chuo alinyooshe goli la kilimani. Jua likizama kabla halijasimama, mchezo umekwisha kama ulivyo, na Ashlock wameshinda.

Kwa hiyo Verna hahitaji kumdhuru mtu, wala kusema uongo. Anahitaji kuchelewa tu.

Uwanja mzima unaona hivyo. Verna anaposhuka na trekta, mnyororo na mashine ya kuchomelea, bendi inaanza kupiga wimbo wa kubembelezea watoto, na maelfu ya watu wanaimba juu yake, "Po-le po-le, Ver-na! Po-le po-le!"

Orville ameinamia uzio. "Mama, goti lako si linauma? Kaa kidogo, nikuletee maharage!"

Watu wanacheka. Verna anafunga mnyororo kwenye nguzo, anarudi kwenye trekta, anavuta. Chuma kinalia. Nguzo inapanda nusu, inasimama, inapanda tena.

Orville anashuka mpaka kwenye nyasi. Sasa hacheki. "Verna. Hawa wakifunga, baraza linatufuta. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi?"

"Basi nishikie mnyororo huo, au niache nifanye kazi."

Orville anautazama mnyororo. Kisha anageuka na kurudi jukwaani, mikono mfukoni.

Verna anavaa barakoa yake na kuchomelea bamba la chini. Cheche zinaruka, wimbo unafifia. Ni vigumu kumwimbia mtu ambaye hakuangalii. Anapomaliza anatoa pima maji ya baba yake, anaiegemeza kwenye nguzo, anachuchumaa. Anagonga nguzo kwa nyundo mara moja. Anatazama tena. Anagonga kidogo. Jua liko juu ya kilima kwa upana wa kiganja.

"Sitawadanganya, mkono ulitaka kuchelewa," atasema baadaye. "Niliwaza, angusha spana, tafuta spana, kohoa. Nani angejua? Lakini uwanja huo naupita kila siku nikienda kwenye mabomba. Ningekuwa naiona ile nguzo, nayo inaniona."

Anamwinulia mwamuzi mkono. Goli limesimama.

Mpiga mkwaju wa Hargis anarudi hatua chache, anakimbia, anapiga. Mpira unapanda ukijizungusha kwenye mwanga wa machungwa na kupita katikati kabisa, bila kugusa chochote.

Kishindo kinatoka kwenye kona moja ndogo, ya wageni. Upande mwingine wote, unasikia watu wakifunga zipu za makoti.

Leo ni Alhamisi, na mji bado unabishana. Kwa kinyozi, Verna amewauza. Kanisani hakuwauza, ila angeweza kupima mara tatu badala ya mbili. Dukani, muuza rangi amekataa kumwangalia usoni, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni amemshika mkono na kuubana.

Geneva amekuja karakanani na mkate wa maboga. Amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, koti lake jekundu limeingia vumbi la chuma.

"Januari naenda mbele ya baraza," anasema. "Nitawaambia paa litengenezwe. Sijabadilika."

"Sikukuomba ubadilike," Verna anajibu.

"Na nitawaambia timu ibaki. Wakate kwingine, wakate chai zao. Wakiniuliza fahari ya chuo iko wapi, nitawaambia waende wakaangalie goli la kilimani."

"Usinitaje."

"Nitakutaja. Utafanya nini, utanichomelea mdomo?"

Verna anacheka. Mwenyewe anasema ni mara ya kwanza wiki hii.

Goli la upande wa mto limelazwa sakafuni mwa karakana. Vijana walilirudisha Jumapili, wamelibeba bila wimbo, na Marisol alikuwa mmoja wao. Wengine wamemwomba Verna alikate pete hivyohivyo, kwa kuwa huenda hakutakuwa na nyingine. Amekataa. Pete ni ya ushindi. Badala yake ameanza kulinyoosha, kidogo kila jioni, kwa moto na nyundo, na kopo la rangi limeshanunuliwa, katika duka la mji mwingine.

Juu ya meza yake kuna kitu kingine. Alikikuta Jumatatu asubuhi mlangoni, bila barua wala salamu: pete ya zamani ya bomba, nyeusi upande mmoja kwa moshi wa mshumaa.

"Ya Orville," anasema. "Ya mkewe, kwa kweli." Anaizungusha mkononi. Ilikuwa na masalia ya nta, ameyatoa kwa kitambaa cha maji ya moto. Weusi wa moshi ameuacha. "Angeweza kuitupa mtoni. Hakuitupa, ameniletea mimi niitunze. Yeye hajui bado kwamba ndicho alichofanya."

Baraza likisema timu ibaki, Verna atalisimamisha goli la mto mwezi wa nane, nyasi zikishakatwa. Atakaza nati zote mpaka bega liume. Siku ya Hargis atakwenda asubuhi, apige magoti, azilegeze.

Na baraza likikataa?

Anaitundika pete kwenye msumari, juu ya pima maji ya baba yake, anairekebisha mpaka itulie.

"Sijafika huko," anasema. "Nimefika hapa: wataliangusha goli langu, safari hii kwa haki. Halafu nitamkatia Orville pete ya pili, nimpelekee zote mbili kwa mkono wangu. Naye anipe soseji yangu."