Uzi wa Dhahabu kwa Wasiovaa Nguo

Jumamosi nilipeleka suruali ya mume wangu ikafupishwe kwa fundi wetu Mkongo pale La Rochelle, mtaa wa Johannesburg. Nikakuta mume na mke, wamevaa vizuri tu, wanagombana kwa Kiingereza juu ya taulo. Ni wanachama wa klabu moja nje ya jiji ambako watu hushinda uchi, kila mtu akikalia taulo lake. Mume alitaka jina lake lidariziwe kwa uzi wa dhahabu.

"Tunavua ili bosi asijulikane," mke akasema, akiurudisha uzi kwenye kopo. "Wewe unataka kuingia na cheo chako."

Fundi akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, mtu anatembea bila nguo, halafu anaogopa uzi?"

Nikamkabidhi suruali.

Mwishowe mume akakubali uzi mweupe. Fundi, kwa mazoea, akamwinulia shati ampime kiuno. Mume akaruka nyuma, akalishika shati kwa mikono miwili.

"Tafadhali," akasema, "kuna watu hapa."

Watu wenyewe nilikuwa mimi. Hadi leo sijui kama nilipaswa kugeukia ukutani ama kuomba radhi kwa kuvaa.