Chatu Ndani ya Kapu la Bi Salama

Jina langu lifiche, mwanangu wa ukurasa wa ushauri gazetini. Mie ni bibi wa miaka themanini na kitu, mzawa wa Kikwajuni. Skuli sikupelekwa, anayeandika ni mjukuu wangu, mie nnasema tu. Ananambia bibi fupisha. Sifupishi, hili nimelimeza miaka hamsini.

Baada ya Mapinduzi, ile miaka mchele unauzwa kwa kupimiwa, kila nyumba na mgao wake, nlikuwa mjane, nafua na kupiga deki kwa mzungu mmoja fundi mitambo, aliyekaa ghorofani Mji Mkongwe. Sabuni yake ilinukia, mpaka leo sijaiona tena ile sabuni. Lakini bwana yule kafuga chatu. Chatu, jamani, sebuleni, katika sanduku la kioo. Kaja naye kwa meli kwa kificho, akanikataza kumtaja. Si chatu wa kwetu huyu, wa manjano, kama ndizi iliyovunda. Na kusafisha sanduku ni kazi yangu. Linanuka kama maji ya samaki yaliyolala. Akipewa kifaranga anakimeza polepole, miguu inachungulia mdomoni. Nkirudi nyumbani nnaosha mikono kwa ndimu na majivu, na nkila wali bado nnaisikia ile harufu vidoleni.

Asubuhi moja nimefungua kifuniko, akanitapikia kifaranga mkononi, nusu kimeyeyuka, manyoya yameshikana kwa ute. Nkakimbilia uani kutapika. Kufunga kifuniko sikukumbuka. Kurudi, sanduku tupu.

Chini ya nyumba ile palikuwa na duka la mchele. Zamani zetu foleni yalisimama makapu, si watu. Unaweka kapu lako alfajiri, unatia kanga kuukuu ndani lijulikane, unakwenda zako barazani kupiga soga mpaka duka lifunguliwe. Yule mdudu kashuka ngazi, kaingia kapu lenye kanga nzito, kajikunja. Kapu la Bi Salama, jirani yangu ukuta kwa ukuta, muuza vitumbua. Vitumbua vya Bi Salama vilikuwa na iliki mpaka njiani unavisikia. Mie nimejaribu miaka yote, havinitoki vile.

Duka likafunguliwa. Mie niko dirishani juu. Nkamuona Bi Salama katia mkono kutoa kanga, akakamata kile kiumbe. Wanawake wakatawanyika. Mmoja akasema, "Makapu yote haya, kachagua lako tu? Kumbe vitumbua vinauzika hivi, kuna anayelishwa ndani."

Si mnajua kwetu, mtu akipata riziki husemwa kafuga jini, na jini hujigeuza chatu. Na chatu wa rangi ile hawajapata kumuona, ndiyo wakazidi. Wanaume wakamponda kwa mawe mpaka matumbo nje, nzi wakajaa. Bi Salama kakaa chini anafuta mkono wake mchangani. Anafuta, anafuta.

Jioni nkamwambia bwana. Akaniomba ninyamaze, na mie kazi nnaitaka. Nkanyamaza.

Vitumbua havikununuliwa tena hata kimoja. Mwezi haukwisha, mumewe akampa talaka, kasema hawezi kulala na mwanamke anayelala na nyoka. Eda ilipokwisha yule mume akaleta posa kwetu. Nkakubali. Nimezaa naye watano. Huyu anayeandika ni damu yake, na hapa mkono umesita. Andika, mwanangu.

Mume keshafariki. Bi Salama yuko hai, Mwanakwerekwe, kitandani, hakuolewa tena. Wiki iliyopita kaniita. Nkamkuta anasugua kiganja chake kwenye shuka, uleule mkono. Akasema, "Shoga, watu wote walinitukana, wewe peke yako hukunena. Hata mume wangu ulimngoja eda ishe, hukunipora. Majirani wanaogopa kunigusa. Nkifa, unioshe wewe."

Nkamwitikia insha Allah. Akanishika mkono, na wallahi ile harufu ya sanduku nkaisikia upya, imejaa chumba kizima, inatoka kwangu. Nimerudi nyumbani nimekata ndimu nne. Wali sili.

Nkimwambia, atakufa ananilaani, na ana haki. Nkinyamaza, ntamuosha maiti yake kwa mikono hii iliyoacha kifuniko wazi. Daktari kasema siku zake si nyingi. Wanangu, nipeni rai upesi: niende nikamwambie, au nichukue ndoo nikamuoshe?