Mtama wa Bibi Nje ya Ua

Mwaka ule hatukulima. Mvua ilinyesha vizuri tu, nchi ilikuwa bado ya Mwingereza, na sisi tumekaa ndani ya ua wetu wa miiba karibu na Ulemo tunaimba. Kiongozi wetu, tuliyemwita Baba Mwangalizi, alikataza kupanda. Bwana anakuja kabla ya mavuno, alisema, na anayetia mbegu ardhini hana imani. Majembe yakafungwa kamba, yakatupwa darini.

Mama alihamia humo nikiwa mgongoni mwake. Sikujua maisha mengine. Na sheria kubwa ilikuwa hii: mtu wa nje hasalimiwi. Ukikutana naye kisimani, unampa mgongo, hata kama ndiye aliyemzaa mama yako.

Wenzetu wa nje wakavuna mtama. Sisi tukavuna njaa. Mama alipika mlenda, ugali wa kulia huo mlenda hakuna.

Mchana mmoja bibi yangu mzaa mama akaja mpaka mlangoni mwa ua, kapu la mtama kichwani. Watu wote wakageuka. Mama naye akageuka.

Bibi akacheka. "Hamjambo, migongo! Hakuna hata mmoja aliyebaki na uso?"

Nilikuwa nimevunja ungo juzi juzi tu. Nikapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Loo! Wamekubakiza macho matupu."

Baba Mwangalizi akalipiga kapu teke, mtama ukamwagika mchangani. Akanisimamisha mbele ya watu.

"Sema, namkana mwanamke huyu. Ukisema, unabaki na mama yako. Usiposema, mlango ule pale, na hurudi."

Mama akaninong'oneza, "Sema tu, mwanangu. Ni maneno."

"Kama ni maneno tu, mama, mbona unalia?"

Nikachuchumaa, nikaanza kuzoa mtama pamoja na mchanga wake.

"Unafanya nini wewe?" Baba Mwangalizi akafoka.

"Nazoa mbegu, baba. Bwana akichelewa tena mwakani, mtakula nini?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Nikabeba kapu, nikatoka na bibi. Mama hakunifuata.

Mtama ule tuliupepeta, mwingine tukala, mwingine nikaupanda mvua zilipoanza. Msiniulize kama niliacha kusali. Nilisali, jembe mkononi.

Ulipokomaa nikajaza kapu lile lile, nikaenda kusimama nje ya ua. Migongo ikageuka kama kawaida. Nikaliweka chini, nikapaza sauti:

"Shikamoo, mama!"

Mgongo mmoja ukatikisika. Haukugeuka.

Kesho yake nikarudi. Kapu lilikuwa mlangoni, tupu, limepanguswa safi kama mama alivyonifundisha kupangusa makapu. Nikalichukua.

Msimu uliofuata nikapeleka jingine, na nikasalimia kwa sauti kubwa zaidi.