Ng'ombe Waliolala Mazizi Mawili

Niliacha ajira ya kudumu Musoma, yenye meza ya droo inayofungika, nikaenda kuongoza watu wanne na kompyuta tano. Ya tano ilikuwa haiwaki. Muuzaji aligoma kupunguza bei, nikamwambia basi aongeze kitu, akaongeza hiyo.

Kazi yetu ilikuwa kukadiria kwa data kila kata itahitaji chanjo ngapi za mifugo kabla ugonjwa haujaingia. Timu ilizunguka Bunda na Butiama na tableti, ikiuliza swali nililoliandika mimi: "Una ng'ombe wangapi?" Majibu yakaingia kwenye modeli ya kompyuta, modeli ikatoa ramani ya rangi, rangi zikampendeza bosi. Ijumaa wafadhili walikuwa wanakuja kuiona. Wakiikubali, mradi unaenda mkoa mzima, mimi nakuwa mkuu wa kitengo, na wale wanne, niliowatoa kwenye kazi zao kwa maneno matamu, wanapata mikataba. Wakiikataa, sina meza ya kurudia.

Jumanne nilikwenda Nyamuswa, upande wa Bunda, kuhakiki, maana mimi hata viazi vya fungu nahesabu mara mbili. Kuna mzee tulimwandikia ng'ombe thelathini na wawili. Nikahesabu zizini: thelathini na wawili. Nikarudia, sawasawa. Nikaaga.

"Wazuri, eh?" akasema mzee. "Ila wale kumi na mmoja wa upande ule ni wa shemeji yangu. Yuko Butiama."

"Wamekuja lini?"

"Wanakaaga hapa, mwanangu. Mimi nawatunza, maziwa nakunywa. Na wangu wengine wako kwa watu. Ulitaka niwaweke zizi moja, ugonjwa ukija niwe maskini kwa siku moja?"

Nikafungua tableti. Shemeji wa Butiama tulikuwa naye: ng'ombe arobaini. Pembeni mtu wetu ameandika, "Wengine wako malishoni." Malisho yenyewe ndiyo hapa niliposimama. Shemeji alitaja anaowamiliki, mzee akataja wanaolala kwake, na wote wawili walisema kweli. Ng'ombe kumi na mmoja wamehesabiwa mara mbili, na safari hii si mimi niliyerudia kwa kuhakiki.

Kosa lenyewe halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nimekulia Butiama kwa maziwa ya ng'ombe asiyekuwa wetu. Baba alimtunza kwa niaba ya mjomba wake, na kila mtoto pale nyumbani alijua ni wa nani. Halafu nikasoma, nikajua kuandika dodoso, nikasahau.

Jumatano asubuhi nikaingia kwa bosi, nikamweleza.

"Tumekosea kwa kiasi gani?"

"Sijui."

"Wewe? Wewe unayehesabu njiti za kiberiti?"

"Nipe miezi mitatu turudie uwandani, nitajua."

"Mama, tuna siku mbili. Ramani ni nzuri. Tupite kwanza, tutarekebisha mbele ya safari."

Nikapatana naye kama sokoni: nitaionyesha, lakini niseme ina kasoro ndogo. Akakubali papo hapo. Nikikubaliwa bei ya kwanza huwa najua nimepunjwa. Chanjo zenyewe hazijawahi kutosha. Zikienda Butiama kungoja ng'ombe walioko Nyamuswa, kuna zizi litakosa kabisa.

Ijumaa nikaionyesha ramani, nikasema isitumike. Bosi akatazama kalamu yake.

"Hilo swali aliliandika nani?" mfadhili mmoja akauliza.

"Mimi."

Hawakupiga kelele. Walishukuru sana, na mimi shukrani za namna hiyo nazijua. Mradi ukapunguzwa, zikabaki kata mbili za majaribio. Ukuu wa kitengo akapewa mwingine. Kati ya wale wanne, wawili wakaondoka. Mmoja aliniaga mlangoni: "Dada, ungetuambia tu mapema, tukajiandaa." Mafunzo ya uongozi niliyohudhuria yalituhimiza tuthubutu, lakini hakuna aliyeniambia nitazame kwanza nathubutu kwa sahani ya nani. Yule mzee alitawanya hatari yake kwenye mazizi ya watu. Mimi nilikusanya ya watu watano kwenye Ijumaa moja, na sikuwauliza.

Mwezi uliofuata nikarudi Nyamuswa na tableti ileile.

"Wamekurudisha?" mzee akauliza.

"Wamenirudisha. Nina swali jipya."

"Lete."

"Leo watalala wangapi hapa, na kila mmoja ni wa nani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa hilo ndilo swali la mtu wa kwetu. Kaa, basi. Huyu mwekundu, mama yake alitoka kwa bibi yangu mzaa mama..."

Nikakaa juu ya ndoo. Tulianza saa tatu asubuhi. Saa tano tulikuwa kwenye ng'ombe wa nne.