Kumfuata Mama Kiwalani

Mie nimesafiri sana, Tunduma naijua, Holili naijua, ila safari iliyonivuruga kichwa haikutoka nje ya Dar. Nilitoka Mbweni kwenda Kiwalani kumrudisha mama yangu.

Nilimjengea chumba chake, feni juu, bomba ndani. Darasa la nne niliishia, lakini nyumba ile nimeisimamisha kwa matofali niliyofyatua kwa mikono yangu. Akaomba akawasalimie majirani zake wa zamani kule Kiwalani. Wiki zikapita, harudi.

Asubuhi, Mbweni. Nikawasha pikapu. Mtaa mzima kuta na mageti, kimya. Nikajisemea, raha ndiyo hii.

Mchana, Kiwalani. Muziki wa singeli kila upande, mtaro unapita mlangoni, ndege ikipita juu ya bati maongezi yanasimama. Nikamkuta mama anazunguka kutafuta mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyoondoka nayo Mbweni. Iliazimwa, na aliyeiazima naye kaazimisha. Shikamoo, nikamfuata nyuma. Kila mlango anapiga hodi, anakaribishwa, anaonjeshwa mboga, anacheka, mbuzi haipo. Tulipoipata alishashiba.

Roho iliniuma. Mama yangu mie ahangaikie kipande cha mti? Nikaenda dukani, nikanunua mbuzi mpya kwa kila mlango. Wakanishukuru sana. Mama Zuhura wa jirani tu ndiye aliyeguna: “Haya baba, umetuhamishia Mbweni.”

Jioni mama kakaa kizingitini pa chumba chake cha zamani. Hakuna aliyekuja kuazima. Nikamwambia basi twende nyumbani.

“Kule mbuzi yangu ilikaa ukutani tangu uipigie msumari,” akasema. “Nani alinipigia hodi, Hashimu?”

“Mlinzi yupo, mama.”

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto mwenye homa. Kisha akaniwekea mbuzi yake kwenye pikapu. “Ondoka nayo. Kesho nina nazi, nitakwenda kuazima kwa Mama Zuhura.”

Nikarudi Mbweni na mbuzi badala ya mama. Nilichojifunza sijakipanga vizuri kichwani. Huku tuna kila kitu na mtu kanikimbia. Kule wanakosa, nami nilipowapa nikawaharibia.

Kesho yake niliichukua ile mbuzi hadi geti la jirani. Miaka yote hiyo, hata jina lake silijui. Mlinzi akafungua kidirisha, akaiangalia, akaniangalia na mie.

“Unauza, mzee?”

“Naazimisha,” nikamwambia.

Akafunga kidirisha. Nikabaki nimesimama palepale, maana sikusikia nyayo zake zikiondoka.