Nilimwambia mama mwanawe amekufa, kumbe strstr ilisimama kwa mtoto mwingine

Wakuu, salaam kwenu.

Jana kuna kijana humu jukwaani aliuliza jinsi ya kukata na kutafuta kipande cha string, yaani mfuatano wa herufi, kwenye lugha ya C, mkamcheka mkamwambia akasome vitabu. Mimi sikucheka. Ninayoandika hapa ni kweli tupu, majina tu nimebadilisha, na sijawahi kuyasema popote.

Ilikuwa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma, mwishoni mwa miaka ya tisini. Watu walikuwa wamerudi kutoka kambi za wakimbizi za Goma, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani.

Mimi nimekulia Karagwe, Tanzania. Nilirudi na Kinyarwanda cha kuungaunga na ujuzi kidogo wa kompyuta, basi ofisi moja ya kutafuta watoto ikanichukua.

Kwetu Wanyarwanda kila mtoto ana jina lake, hakuna jina la ukoo. Kwa hiyo tuliandika jina la mtoto, jina la mama, mahali alipo, na mwishoni hali yake. Mstari mmoja, mtoto mmoja.

Nikaandika program. Orodha nzima naipakia kwenye memory kama string moja ndefu, kisha natafuta kwa strstr, ile function ya kutafuta neno ndani ya string. Nilijiona fundi kweli kweli.

Shida ilikuwa majina ya akina mama. Orodha zilitufikia kwa disketi, na nyingine zilikuja na majina marefu yamekatwa mwishoni. Nikaamua kutumia herufi nane za mwanzo tu, nazinakili kwa strncpy, mambo kwisha. Nimekulia kwa akina Asha na Neema jamani, herufi nane kwangu zinamtosha mtu na nyingine zinabaki.

Sasa hapa Rwanda wanawake wangapi majina yao yanaanza na Nyira? Hesabu mwenyewe herufi zinazobaki.

Kosa la pili. Foleni ilikuwa ndefu, nikafanya screen ionyeshe kipande cha mwisho tu cha mstari, yaani hali ya mtoto. Jina la mama halionekani tena.

Kulikuwa na mama mmoja wa Cyanzarwe, Nyirahabimana, muuza maharage, anavuka mpaka kila siku. Alikuwa anamtafuta mwanawe Innocent, wa miaka sita. Kila siku ya soko alipitia kwangu, na kwa kuwa Kinyarwanda changu kilimchosha, tuliongea Kiswahili chake cha Goma.

"Ndugu yangu, angalia tena mu ile mashini. Mutoto iko?"

Miezi minne hakuwemo. Siku moja ikaingia disketi mpya. Nikaandika jina la mtoto na la mama, nikabonyeza, screen ikajibu: amefariki kambini.

Nikamwambia. Hivyo hivyo, nimekaa kwenye kiti.

Hakulia. Alikunja kitenge chake magotini, akasema, "Bon. Donc sitakuya tena," yaani haya, basi hatakuja tena. Akaniambia asante. Asante hiyo hadi leo inanichoma.

Kama wiki saba baadaye, Espérance, dada aliyekuwa anachapa majina, alikuwa anapitia karatasi.

"Uyu Innocent wa Nyundo, mbona hakuna mutu anamuuliza? Mama yake ni Nyirahabimana wa Cyanzarwe."

Nikafungua disketi, nikasoma kwa macho. Innocent aliyefariki alikuwa wa Nyirahabineza. Herufi nane za mwanzo ni zile zile. Wa Nyirahabimana alikuwa chini yake, mistari kumi na moja tu, mzima, analelewa na familia moja huko Nyundo.

strstr inakupa wa kwanza tu, wakuu. Wa pili lazima usogeze pointer, ile alama ya pale ulipofikia, na utafute tena. Mimi sikusogeza.

Nilikwenda Cyanzarwe siku ile ile. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jirani yake akaniangalia vizuri ndipo akajibu.

"Alishamaliza kilio. Nguo za mutoto aligawa. Akaenda Masisi kwa kaka yake, alisema huku hakuna kitu anangoja."

Masisi, ndani ya Congo, wakati huo kulikuwa na vita. Tulituma jina lake mara nyingi, kwa kila aliyevuka. Hakuna kilichorudi.

Vijana, linganisheni jina zima. Endeleeni kutafuta hata mkishapata. Na kama program yako inasema mtu amekufa, soma mstari wote kabla hujafungua mdomo.

Innocent sasa ni fundi cherehani hapa mjini, ana watoto wawili. Ananiita baba. Ananishukuru kwa miaka yote niliyomtafuta mama yake.

Wiki iliyopita aliniuliza, tena kwa upole, kama mama yake aliwahi kuja ofisini kumwulizia hata mara moja.

Nikamwambia sikumbuki.

Nimwambie, wakuu, au nife nalo? Andikeni chochote, hata matusi nitayasoma yote.